Pazia la Kota

Basi lilienda likiyumba polepole juani kama susu ya kubembelezea mtoto. Fundi cherehani alifumba macho, masikio wazi. Kiti cha mbele yake, mke wa askari alipakata mapazia yaliyokunjwa, akimlalamikia mama mmoja waliyekutana humohumo.

"Uhamisho tena, mama. Wiki ijayo tunarudisha nyumba ya kota kambini. Safari hii aende peke yake, mimi napanga uraiani, mtoto asome shule moja. Haya nampelekea fundi ayakate."

"Usithubutu, mwanangu! Madirisha ya kota ni yaleyale kila kambi. Nimeolewa na askari, nimehama na mapazia yangu ujana wote. Nikishayatundika tu, nimefika kwangu."

Fundi nyuma yao, aliyetumaini kuiomba kazi hiyo, akaona riziki ikimponyoka hivihivi.

"Kwako gani, mama? Hata msumari hupigi bila ruhusa!" mke wa askari akadakia.

"Na mumeo akija likizo, abishe hodi kwa mkewe?"

Mke wa askari akaitazama miti ikirudi nyuma mmojammoja. "Nyie mlipostaafu je?"

"Tulijenga. Mwashi akauliza madirisha yawe na ukubwa gani. Nikampa pazia."

Wakacheka, hata yule aliyejifanya amelala.

"Na mzee anaipenda nyumba?"

"Mno. Ila kila asubuhi hufunua pazia, akachungulia nje kitambo, kisha akaniuliza taratibu: 'Mama watoto, hii ni kambi gani?'"

Basi likasimama kituo cha mke wa askari, penye mafundi. Hakuinuka. Alikuwa ameyakumbatia mapazia, kama aliyepakata mtoto asiyetaka kumwamsha.