Madonge ya Kunde ya Mama Yetu

Wapendwa mliokuja kutufariji, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya mama yetu, ambaye mtaani wengi mlimwita Mama Madonge, naye akaitika.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1958, mtoto wa tatu wa seremala na mkunga, akasoma shule ya msingi hadi darasa la saba mwaka 1972, kisha shangazi yake akamfundisha kupika madonge ya unga wa kunde, kazi aliyoifanya hadi mwaka jana katika chumba chetu cha mbele, chenye meza mbili, benchi moja, na dirisha linalotazama gereji.

Tarehe 14 Agosti 1981 alifunga ndoa na baba, fundi cherehani, wakajaliwa watoto wanne, nami ni kitinda mimba. Kwake unga ulikandwa kwa maji moto, ukafunikwa kitambaa kibichi, ukaviringishwa, ukatumbukizwa kwenye maji yanayotokota, na hapo hakuna aliyeruhusiwa kugusa mwiko mpaka madonge yaelee yenyewe, hata mteja aliyelalamika njaa aliambiwa, "Kaa, baba, chakula hakina miguu."

Mwezi Februari 2024 aliugua ini, mikono ikakosa nguvu, hamu ya kula ikapotea, daktari akatuonya kwamba asipokula hatutakuwa naye muda mrefu, naye akasema atakula madonge tu, tena yaliyopikwa sawasawa, basi baba, ambaye tangu aoe hakuwahi hata kubandika chai, akavaa aproni. Siku ya kwanza alikoroga mapema, sufuria nzima ikawa uji, na mama akamuuliza kutoka kitandani, "Mume wangu, ulikuwa unatafuta sindano humo?" Alicheka mpaka akakohoa, kisha akaunywa wote. Baba hakuacha kupika, mama hakuacha kumkosoa, wala kula, tukapata miezi ambayo daktari hakuitarajia.

Jumamosi, tarehe 2 Novemba 2024, baba alikalia mikono yake mpaka madonge yote yakaelea, mama akala mawili, akasema, "Lete jingine, na usinibanie mchuzi," akalimaliza, akajilaza, na saa tisa alasiri akafariki usingizini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala nasi hapa, wapishi wenzake, na mafundi wa gereji waliozima mashine zao ili apumzike.

Mama, umeondoka ukiwa umeshiba, tena kwa mkono wa mumeo. Pumzika kwa amani.