Alama za Mwamba wa Lazhar

Benchi la Attaya, kijiji cha wavuvi kisiwani, liko mbele ya duka la kinyozi, limeegemea ukuta unaopata kivuli mpaka adhuhuri. Anayechelewa hukalia ndoo. Asubuhi ile ya Septemba walikuwapo watatu. Mongi, waliyemwita Redio kwa kuwa hana kitufe cha kuzima. Amor Sukari, ambaye daktari kamkataza sukari, naye akamhama daktari. Na Lazhar Kioo, aliyeinamia ndoo yenye kitako cha kioo miaka arobaini, akisaka sifongo chini ya bahari. Kahawa ilikuwa tele lakini Lazhar hakuwa na hamu nayo. Ijumaa mwanawe Anis alikuwa anaoa, na wavuvi wa hapo wana desturi yao: siku ya ndoa baba humnong'oneza mwana alama za mwamba wake wa sifongo, mnara upi, ukiutazama toka baharini, uuweke juu ya mtende upi ndipo utie nanga. Mtu mwingine hasikii. Basi siku moja kabla ya asubuhi hii Lazhar aliuchungulia mwamba wake, akakuta sifongo zimevaa utando mweupe, ukizigusa zinamomonyoka, na ile aliyoiopoa ilikuwa na uvundo usioelezeka. Alitapika pembeni ya mashua, akarudi nyumbani, asimwambie hata mkewe.

Redio: We Kioo, mbona umenuna? Anayeoa ni Anis, kazi yako wewe kula kuskusi tu.

Lazhar: Niache. Joto.

Sukari: Hili joto si bure. Jana alfajiri nimetia mguu baharini, wallahi nikautoa mbio. Maji ya kunyolea yale!

Redio: Si nilishawaambia? Nyambizi. Zimejificha huko chini, mabaharia wanapika humo, halafu wanamwaga maji ya moto.

Sukari: Nyambizi ngapi zichemshe ghuba nzima?

Redio: Haba na haba hujaza kibaba.

Sukari: Pumba hizo. Ni Wataliani. Wana mashine ya kusukuma joto huku kwetu, ili samaki wahamie kwao kwenye ubaridi. Sisi tumeachiwa hawa kaa wa bluu, wageni wanaokata nyavu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe!

Redio: Kaa umpe jembe?

Sukari: Methali haiulizwi maswali, bwana.

Siku nyingine Lazhar angecheka mpaka akamwaga kahawa. Leo alikuwa akiiangalia mikono ya Redio. Tangu jana wazo moja lilikuwa likimtafuna: kuna mtu kamfuata, kaujua mwamba, kaumwagia dawa. Na mtu wa kumfuata mtu ni nani kama si huyu mdaku? Alijichukia kwa kuwaza hivyo, akaendelea kuwaza.

Lazhar: Na sifongo zenu? Zimesalimika na joto hili?

Redio alikohoa.

Redio: Zangu? We! Nyeusi ti kama inavyotakiwa, zimenona. Nyambizi hazijafika kule.

Sukari: Zangu mimi naona hata huruma kuzikata. Mashallah.

Lazhar: Zangu pia.

Alidanganya, akawasadiki wenzake. Kumbe ni yeye peke yake aliyeharibiwa.

Hapo ndipo alipofika Olfa, mpwa wa kinyozi, moja kwa moja kutoka kwenye kivuko, sanduku la barafu begani. Anafanya kazi mjini Sfax, ng'ambo ya kivuko, na watu wanaochunguza bahari.

Olfa: Asalaam alaykum, ami zangu. Mjomba kaniambia wajuzi wa sifongo wako hapa benchini.

Sukari: Umefika, mwanangu. Tunajua hadi zinaota nini usingizini.

Olfa: Bahari imeshikwa na homa wiki ya sita sasa, nyuzi thelathini na moja mpaka kwenye mchanga wa chini. Sifongo zinaoza, chaza wakubwa wanafunguka wafu, hata nyasi za chini zinaungua. Lakini iliyopona huenda ina uwezo wa kustahimili joto. Nataka kipande kimoja tu kilicho hai, nikakitunze kwenye maji baridi. Nani kati yenu anayo sifongo hai, nikaione leo?

Redio alikitazama kikombe chake. Sukari akatia kijiko cha nne cha sukari, asikoroge.

Olfa: Hata moja, ami?

Sukari: Kunywa kahawa kwanza, mwanangu.

Lazhar akawatazama wenzake, akaelewa kuwa wote wamedanganya, na hasira yote aliyokuwa nayo kwa Redio ikamtoka. Iliyoingia mahali pake ilikuwa hofu, hofu ambayo hakuwahi kuijua hata dhoruba ilipompindulia mashua. Akakiweka kikombe chini.

Lazhar: Mnara wa msikiti uuweke juu ya mtende uliopinda...

Redio aliruka kutoka benchini, viganja masikioni, akaelekea barabarani mbio mbio.

Redio: Astaghfirullah! Lazhar, umerukwa na akili? Hizo ni alama za Anis!

Lazhar: Rudi ukae, ndugu yangu. Hakuna tena cha kuibiwa.

Redio akasimama pale juani, amewapa mgongo. Kisha mikono ikamshuka, akarudi polepole.

Redio: Zangu zilikufa Agosti. Nikadhani ni wewe.

Lazhar akamsogelea Sukari ili Redio apate kivuli. Olfa alikwishatoa daftari, apate kwenda kutafuta kilichopona. Lazhar akazianza alama upya, kama alivyozipokea kwa baba yake, na safari hii hakuna aliyeziba masikio.