Harusi ya Huruma Imegoma Kucheza

Kahawa ya kijiwe chetu hapa Newala ni nzito, na wageni huisifu sana. Hawajui kwamba si wingi wa kahawa, ni uchache wa maji. Benchi lenyewe lipo mbele ya studio ya Ladislaus, mpiga video wa harusi, unyago na mazishi, ambaye wote tunamwita Direkta. Jana asubuhi tulikuwa watatu tukimsubiri: mimi; Awadhi, mpuliza dawa ya mikorosho, jina la kijiwe Salfa; na Nikolao fundi redio, huyu ni Rimoti, kwa sababu anaongoza kila kitu akiwa amekaa. Direkta akatoka na DVD mkononi. Ilikuwa ya saba. Sita za kwanza zilishagoma.

Salfa: Imecheza?

Direkta: Bado.

Salfa: Nnungu wangu! Na arobaini kesho!

Arobaini ya Huruma. Aliolewa mwezi wa sita, mwezi wa tisa homa ya siku tatu ikamchukua. Mama yake hana simu ya kioo, ana deki na televisheni ya mgongo. Ameomba kitu kimoja tu: achomewe DVD ya harusi, amsikie mwanawe anavyocheka.

Rimoti: Tatizo ni fomati. Faili la kamera deki halilijui. Lazima ulikonvati kwanza.

Salfa: Ulikonvati? Direkta Mkristo, mama Mkristo, sasa faili libadili dini liende wapi?

Rimoti: Ubadili mfumo, we mpuliza dawa! Halafu unachoma kwa spidi ndogo. Haraka haraka haina baraka.

Salfa: Ndiyo maana jogoo wa shamba hawiki mjini.

Mimi: Jogoo anaingiaje hapa?

Salfa: DVD tupu si kanunua Masasi? Za Masasi huku juu haziwiki.

Tukacheka. Direkta hakucheka, na Direkta hucheka hata msibani.

Direkta: Nimekonvati mara saba. Muziki unatoka. Jina lake linatokea na maua. Baada ya hapo ni giza, saa mbili na dakika kumi.

Mimi: Picha zenyewe uliziweka wapi?

Direkta: Kwenye kompyuta. Nilisevu, kaka. Kila nikikata kipande, nasevu.

Rimoti akaweka kikombe chini taratibu.

Rimoti: Ulisevu nini?

Direkta: Mradi.

Rimoti: Mradi ni maelekezo tu, Direkta! Kata hapa, unga pale, weka muziki. Hiyo ni karatasi ya mapishi, si wali. Wali ulikuwa kwenye kadi. Kadi iko wapi?

Direkta akaigusa kamera iliyoning'inia kifuani.

Direkta: Humu. Nilipigiwa simu niende kupiga mazishi, ghafla. Kadi imejaa. Nikasema, harusi si nimeshaisevu? Nikaifomati, ikawa tupu.

Salfa: Mazishi ya nani?

Wote tulikuwa makaburini siku ile. Tulimwona Direkta amepanda juu ya kifusi, jicho moja amelifumba, anampiga Huruma video ya mwisho.

Rimoti: Kuna programu za kurudisha vilivyofutwa.

Direkta: Nimejaribu mbili. Mazishi yamelala juu yake.

Hapo ndipo Mama Huruma alipotokea kwenye kona, kitenge cheusi, pochi kwapani, anakuja kwetu moja kwa moja. Wanaume wanne wazima, tukaangaliana kama wezi wa kuku. Nani wa kumwambia? Kila mmoja akajitolea kusema uongo.

Salfa: Salfa! Vumbi la salfa limeingia kwenye jicho la deki la mama! Si nimepuliza msimu mzima?

Rimoti: Na umeme. Juzi umeyumba, ukaunguza… ukaunguza ule wepesi wa kusoma.

Salfa: Wepesi wote!

Mimi, niliyezeeka jukwaani nikichekesha watu, nikapandisha sauti ili asikie.

Mimi: Jamani, Newala tupo juu mno! Hewa nyepesi, DVD inazunguka kupita kiasi, picha inarushwa nje. Tukiteremka nayo Masasi, inatulia yenyewe!

Salfa: Kabisa! Maana mficha maradhi, kifo humuumbua.

Akajiziba mdomo kwa kiganja. Limeshatoka.

Sote: Shikamoo, Mama Huruma.

Mama Huruma: Marahaba, wanangu. Nimewasikia tangu kule. Deki lina vumbi, umeme umeyumba, na Newala ipo juu.

Salfa: Ndiyo hivyo, mama yetu.

Mama Huruma akafungua pochi, akatoa DVD yenye mwandiko wa Direkta mwenyewe.

Mama Huruma: Hii ni ile ya mazishi, Ladi aliniletea. Naiweka kwenye deki lilelile, Newala hiihii. Inacheza mwanzo mpaka mwisho. Hata udongo ukianguka juu ya jeneza unausikia. Sasa nyie mafundi, nielezeni mimi nisiyesoma: hii inacheza kwa nini?

Salfa, mwenye methali hata ya kupiga miayo, akatazama viatu vyake. Rimoti akatazama viatu vya Salfa. Mimi nikatafuta kichekesho, chochote, nikakuta kichwani pamefagiliwa. Direkta akaifunika kamera kwa viganja viwili.

Mama Huruma akatuomba tusogee kidogo. Akakaa mwisho wa benchi, akaiweka DVD mapajani, akasubiri jibu.