Mwalimu Aurelia Mapunda na Darubini Iliyokataa Kutulia

Baba Paroko, wazee wetu shikamooni, ndugu mliotoka Maposeni na Hanga, majirani wa Lizaboni, walimu na mliowahi kuwa wanafunzi wa marehemu, mimi ni Emiliani Mapunda, mdogo wake anayemfuata, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, Mwalimu Aurelia Mapunda, mke wa Bwana Fidelisi Haule, ambaye tumekuja kumsindikiza leo.

Mwalimu Aurelia alizaliwa tarehe 14 Mei 1962 kijijini Maposeni, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Osmund Mapunda na Mama Anjelika, wakulima wa mahindi, akasoma shule ya msingi pale pale kijijini kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, akachaguliwa kwenda sekondari ya wasichana hapa Songea, akamaliza kidato cha sita mwaka 1983, na baada ya chuo cha ualimu akaanza kufundisha fizikia Januari 1986, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu Mei 2022. Wengi wenu mnakumbuka daftari likirudi na maneno yake mawili kwa wino mwekundu, "Pima tena", na mnakumbuka kwamba hata ukipima tena hakuridhika.

Tarehe 17 Septemba 1988 alifunga ndoa na Bwana Fidelisi katika kanisa la Maposeni, Mungu akawajalia watoto wawili, Beata mwaka 1990 na Saimon mwaka 1994, na kwa sasa wapo wajukuu wanne.

Ndugu waombolezaji, familia ingependa nipite haraka hapa, lakini haiwezekani kusimulia maisha ya dada bila kuitaja ile darubini, kwa sababu ndiyo iliyomchosha miaka yake kumi ya mwisho. Aliinunua Dar es Salaam mwaka 2016, katika duka la vitu vilivyotumika kutoka nje, akakusudia kutuonyesha sayari ya Zohali, ambayo ina pete zinazoizunguka, na katikati ya pete hizo kuna ufa mwembamba mweusi, na ule ufa ndio aliokuwa akiutafuta. Kioo kilikuwa kizima, tatizo lilikuwa kile kigurudumu cha pembeni kinachozungushwa ili picha iache ukungu, kilikuwa kimelegea, ukikizungusha kidogo hakifanyi kitu, ukiongeza kidogo kinaruka kupita pale panapotakiwa, na kila ulipokigusa sayari yote ilitetemeka kama inaonekana ndani ya karai la maji.

Alikifungua, akakisafisha kwa petroli grisi ya zamani iliyoganda, akakata vipande vya kopo la soda akavibana ndani ili kisicheze, kikagoma kabisa kuzunguka, akavitoa, kikalegea kuliko mwanzo. Akampelekea Hamisi, fundi redio wa mtaani kwetu, amfungie mota ndogo iliyotoka kwenye deki mbovu ili asiiguse kwa mkono, mota ikasukuma bomba la kuchungulia mpaka likakwama, Hamisi akasema, "Mwalimu, mota yangu imefanya kazi, darubini yako ndiyo haikutaka," na dada hakumsalimia Hamisi kwa muda mrefu, naye yuko hapa, anajua sisemi uongo.

Mambo hayo yote yalitokea katika miaka ambayo pete za Zohali zilikuwa wazi kabisa, maana sayari ile huinama na kuinuka, na pete hufunguka na kujifunga kwa miaka mingi, dada alilijua hilo vizuri, alijua kwamba mwaka 2025 zitajifunga, zionekane ubavu tu, na kujua huko kulimkera kuliko kutojua. Masika mawingu, Septemba moshi wa mashamba yanayochomwa, katikati hapo kile kigurudumu. Mama yetu Anjelika alikuwa akija nyumbani kwao Lizaboni anaomba achungulie angalau mwezi, dada anamjibu, "Subiri mama, bado haijakaa sawa," na Bwana Fidelisi anamwambia, "Mama Beata, mama anataka kuuona mwezi tu, hakuja kusahihisha mtihani," lakini dada hakutaka mtu aonyeshwe ukungu. Mama akafariki tarehe 3 Agosti 2019, hajaona. Dada hakulia msibani, alirudi nyumbani akaifunika darubini kwa gunia akaisukuma stoo, na kwa zaidi ya mwaka hakuna aliyethubutu kuitaja.

Aliporudi kwayo alikuwa na haraka. Aliunganisha kifuniko cha ndoo ya rangi kwenye kile kigurudumu, ili mkono usafiri mbali na picha isogee kidogo tu, na hapo kwa mara ya kwanza ikaanza kumtii, ingawa picha bado haikukaa sawa. Machi 2025 madaktari wakamwambia figo zinashindwa, akaanza kliniki, na siku asizokwenda kliniki alikata kadibodi, akatoboa matundu mawili akaiweka mbele ya darubini, nyota moja ikaonekana mbili, na kazi yake ikawa kuzungusha mpaka zile mbili zikutane ziwe moja.

Jioni moja ya Septemba 2025, moshi ukiwa umepungua baada ya upepo, zilikutana. Akaondoa mkono, hazikuachana. Akaielekeza kwenye Zohali, akaona kitone safi na mstari mmoja mwembamba umepita katikati, pete zimelala ubavu, hakuna ufa wa kuonekana, akakaa chini kwenye saruji ya uani akasema, "Nimefika, wameshafunga duka." Kisha akamwita mumewe, akaita majirani, wakapanga foleni hadi barabarani, na Bibi Chiku wa nyumba ya pili alipochungulia aliuliza, "Mwalimu, mbona mstari tu, pete iko wapi?" dada akamjibu, "Imelala, bibi, itaamka mwakani, kama mimi nitakuwepo."

Hali yake ilibadilika Desemba, akalazwa mara mbili, na Jumapili ya tarehe 8 Februari 2026 nilipokwenda kumwona aliniambia nimwambie Fidelisi awe anaitoa darubini nje kabla ya jua kuzama, kwa sababu bomba likipoa linasinyaa na picha inahama, akakasirika kwamba siandiki. Alifariki Jumatano tarehe 11 Februari 2026, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na tatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, walimu wenzake, jumuiya ndogondogo, majirani wa Lizaboni, Wakristo na Waislamu, mliopika na kulala nasi, na Hamisi, aliyefunga taa za hapa uwanjani.

Dada, hatujaridhika, na tunajua nawe hukuridhika. Upumzike sasa, kwa amani ambayo ile darubini haikukupa.