Siku Tatu za Semina

Gari la kutoka Tarakea lilikuwa linaingia Moshi, na Pamela, afisa ustawi wa jamii, bado anajaza ripoti ya semina ya kukomesha ajira ya watoto. Kijiji kizima kilihudhuria siku zote tatu, akaandika kwa fahari.

"Hata mimi nilikuwepo," akasema bibi aliyeketi naye, akichungulia fomu.

"Shikamoo bibi! Basi wajukuu hawakati tena majani ya ng'ombe saa za shule?"

"Marahaba. Hawakati. Ila zile siku tatu tu."

"Zipi?"

"Za semina, mwanangu. Wakubwa wote tuko kwako, ng'ombe yuko bandani analia. Nani atamkatia?"

Pamela akaikodolea macho fomu, asijue hilo liandikwe wapi. Gari likasimama stendi.

"Semina ya mwezi ujao ni siku ngapi?" bibi akauliza akishuka. "Nikawaombee wajukuu ruhusa kwa mwalimu."