Chura wa Mlimani Hapakwi Mafuta

Kijiwe chenyewe ni benchi la mbao lenye miguu mitatu na tofali moja, kati ya meza ya fundi viatu na kibanda cha kinyozi, na mwenye birika ndiye mwenye sheria. Asubuhi hiyo wanaume wazima walikuwa wameinamia beseni la bluu kama waliodondosha meno humo. Ndani yake mlikuwa na maji kidogo na vyura watano, walioteremshwa jana kutoka juu kabisa mlimani, kwenye ziwa la maji baridi. Watatu walikuwa wamelala chali, na chura anayelala chali hangoji kuamshwa. Aliyewaleta ni mjukuu wa fundi viatu, binti anayesomea mambo ya wanyama. Chumbani kwake bati linaunguza, akawaacha kivulini kwa babu, akaenda kituo cha mabasi kumpokea mwalimu wake aliyekuja kuwaona. Alieleza kijiweni habari zao, babu akisikia nusu, kisha akaagiza: “Kitambaa kikikauka, kiloweshe. Usiwaguse, mume wangu.” Huyo mume wake wa utani, ambaye kijiwe kizima kilimwita Soli, alikuwa amekaa, mikono kaificha chini ya aproni.

— Joto hilo, alisema Breki, aliyeendesha lori mpaka magoti yakamstaafisha. Mlima ule nimeupanda na shehena ya saruji. Kule juu hata injini inahema. Wahenga walisema, mpanda ngazi hushuka.

— Hushuka, hawakusema hufa, alijibu Wembe, ambaye ndiye kinyozi. Na joto gani saa hizi? Tazama hiyo ngozi. Imemning'inia kama suruali ya kuazima. Huyu chura kakonda safarini.

— Chura akonde kwa siku moja? Wewe hujakonda mwaka wa nane unakopa kahawa za watu.

— Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji!

— Ng'ombe yuko wapi hapa, Wembe?

— Atakuja.

Kwa kawaida hapo ndipo Soli angeingia. Neno ngozi likitajwa kijiweni, ni lake. Miaka arobaini anashona, anapaka, ananyoosha. Akiona kiatu anajua mnyama alikufa na umri gani. Wenyewe walimwita daktari wa ngozi, naye hakuwahi kuwakataza. Sasa alikohoa tu.

Maana yeye aliwaona wale vyura kabla ya wote. Alifunua kitambaa, akaona mikunjo imejaa mgongoni na mapajani, ngozi nyingi kuliko mwili, akasikitika kama fundi. Ngozi ikikunjamana hivyo imekosa mafuta, kesho inapasuka. Akachukua kopo lake la mafuta ya nyonyo na kitambaa laini, akawapaka mmoja mmoja, mkunjo kwa mkunjo, hata kwapani. Wakang'aa kama viatu vya harusi. Akajisemea mjukuu akirudi atamshukuru.

— Ninyi hamjui kitu, Breki aliendelea. Hewa ya juu ni nyepesi, ya huku chini ni nzito. Chura wa huku ngozi imembana kwa sababu hewa inamkandamiza tangu utotoni. Yule wa juu hakuwahi kukandamizwa, ndiyo maana kalegea. Sasa mmemteremsha ghafla, hewa ikamkaba.

— Mbona wewe uliteremka na lori hukukabwa?

— Nilishuka na gia ya kwanza.

— Haya, na huo weusi? Wembe alimnyooshea kidole mmoja wa waliolala chali. Chura wa bondeni ni kijani. Huyu mweusi kwa sababu kule jua liko karibu, limembabua. Huku chini jua liko mbali. Kafa kwa baridi.

— Kwa baridi! Mtu anatokwa jasho mpaka kwenye kope!

— Kila ndege huruka na ubawa wake.

— Wembe, nyamaza kidogo, wahenga wapumzike.

— Nasema hivi! Wembe alisimama kabisa. Yule ana ngozi mbili. Kavaa moja juu ya nyingine, kama mlinzi wa usiku anavyovaa makoti. Akishuka anatakiwa avue moja. Nani kamsaidia kuvua? Hakuna. Kafia ndani ya koti!

Breki alicheka mpaka kahawa ikampitia puani. Mama Kahawa, mwenye birika, hakucheka. Alikuwa akisuuza vikombe, na mwanamke anayesuuza vikombe husikia kuliko anayevinywea.

— Ninyi mna midomo, masikio mmeyakodisha, alisema. Binti si alieleza hapa hapa asubuhi? Kule juu hewa ni haba. Chura anapumua kwa ngozi, akiwa majini. Ndiyo maana Mungu kamwongezea mikunjo, apate pa kuvutia pumzi. Ile ngozi yake ndiyo pua yake.

— Pua mwili mzima? Na mafua je? aliuliza Breki.

Wakacheka tena. Soli hakusikia kicheko. Alihisi vidole vyake vinateleza vyenyewe kwa vyenyewe chini ya aproni. Ngozi ndiyo pua. Basi asubuhi ile, kwa kitambaa laini, kwa upendo wote, alikuwa ameziba pua tano.

Beseni lilikuwa hatua mbili kutoka mguuni pake, ndoo ya maji safi karibu na meza. Kusema kulihitaji maneno mawili: nimewapaka mafuta. Alifungua mdomo.

— Tena tumuulize daktari, alisema Wembe. Bwana Soli, mbona leo umemeza gundi? Wewe ndiye mtaalamu wa ngozi. Chura kafa na nini?

Wote wakamgeukia. Hata Mama Kahawa aliinua macho.

— Mambo ya Mungu, alisema Soli.

Akaomba kahawa nyingine. Aliipokea kwa ncha za vidole, akainywa ya moto hivyo hivyo, macho kwenye beseni. Chura wa nne alipanua mdomo, akaufunga. Akapanua tena. Breki alikuwa kaanza hadithi ya breki zilizomkatikia mteremkoni, ndefu kama mteremko wenyewe. Ilipofika kwenye kona ya tatu, yule chura alijigeuza taratibu, tumbo jeupe juu. Aliyeona ni Soli peke yake.

Mjukuu alitokea akitembea haraka, vumbi la kituoni miguuni.

— Mwalimu anaweka mizigo, anakuja. Shikamoo zenu. Mume wangu, wake wenzangu wa majini wazima?

Akaona beseni. Akachuchumaa. Hakulia, binti huyo hakulelewa na watu wa kulia. Alichovya kidole, akakiinua juani. Kiling'aa rangi rangi kama maji ya gereji.

— Haya mafuta. Nani kawapaka?

Wenye nadharia wakazitafuta wasizione. Wembe aliangalia wembe wake, Breki akaangalia barabara. Soli akaitoa mikono chini ya aproni, akaiweka magotini viganja juu, kama mtoto anayekaguliwa kucha.

— Ilikuwa imekunjamana, alisema. Nilidhani inakauka.

Binti alishaanza kumfuta wa mwisho kwa kitambaa kilicholowa. Alimmiminia maji ya ndoo, akamwaga, akammiminia tena. Soli akainuka kumshikia ndoo.

— Usiguse. Si nilieleza mbele yenu kwamba wanapumua kwa ngozi?

— Nimewakumbusha sasa hivi, alisema Mama Kahawa.

— Sasa hivi lini?

Mama Kahawa alimtazama Soli kidogo. Alikuwa mwanamke wa kuhurumia watu siku nyingine.

— Wazima walipokuwa wawili.

Mikono ya binti ikasimama.

— Kwa hiyo walipokuwa wawili, ulishajua?

Mafuta mzee aliyapaka kwa kutojua. Kimya alikinywa akijua, kikombe kizima.

Binti alingoja jibu kwa muda wa kumwaga maji mara mbili zaidi. Kisha akambeba chura wake mmoja kwenye ndoo. Soli akasema nije nikusaidie kumweleza mwalimu.

— Kaa tu, babu.

Babu. Neno la heshima kabisa. Halikuwahi kumuuma namna ile.

Mama Kahawa aliinamisha birika, likatoa mashapo tu, akaanza kuzima mkaa wake. Wembe akakumbuka ana mteja, Breki akakumbuka ana mke. Soli alinawa mara tatu. Maji yakajikusanya vitone viganjani, yakakataa kushika.

Mtu akaja akaweka kiatu mezani.

— Mzee, kimekunjamana hiki. Kipake mafuta kidogo.

Soli hakuinua macho.

— Kinakuumiza?

— Hapana.

— Basi kiache.