Kibali cha Mnyama Mwenye Manyoya Anayeruka

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Buzuruga, wajomba zangu mliosafiri kutoka Shirati, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutusindikiza, wakubwa shikamooni, wadogo nawasalimu. Mimi ni Evelina, mtoto wa kwanza wa marehemu, na nimesimama hapa kwa niaba ya familia kusoma historia ya baba yetu, Mzee Revocatus Shimba. Kamati ya msiba iliniomba nitumie dakika tano na nisitaje wanyama, nami niliitikia kwa heshima, lakini baba alikuwa karani, na karani haachi kisanduku cha fomu kikiwa kitupu, kwa hiyo naiomba kamati radhi mapema.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1951 katika kijiji cha Kayenze, kando ya ziwa, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba. Jina la Shimba alilirithi kwa babu yake, na kwa Kisukuma maana yake ni simba, jambo ambalo majirani walilikumbushia sana miaka hii ya mwisho, walipomwona mwenye jina hilo akimbembeleza mnyama wa gramu mia moja na ishirini amalize papai lake.

Alianza darasa la kwanza hapo hapo Kayenze mwezi Januari 1959, akamaliza darasa la nane mwaka 1966, na hakuchaguliwa kuendelea, si kwa kukosa akili, bali kwa sababu, kama alivyotusimulia mwenyewe bila majuto yoyote, alitumia nusu ya muda wa mtihani kusahihisha maswali.

Tarehe 3 Februari 1969 aliajiriwa katika kiwanda kimoja cha kuchambua pamba hapa Mwanza, akawa karani wa mizani, kazi aliyoifanya bila kubadilisha kiti hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2011. Wakulima walimwogopa na kumpenda kwa sababu ile ile moja, kwamba hakuongeza wala hakupunguza, mkulima aliyelowesha pamba ili iwe nzito aliambiwa akae nayo juani mpaka ikauke, na meneja aliyependekeza mizani iegemee kidogo upande wa kiwanda aliambiwa naye atafute pa kukaa.

Mama yetu, Dorcas Akelo, binti wa Shirati, alikuwa muuguzi, na walikutana siku alipoleta kiwandani mizani ya kupimia watoto wachanga, akiomba itazamwe, baba akaitengeneza kwa siku moja na kuirudisha kwa awamu nne. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 5 Januari 1980, wakaanza maisha Mirongo katika chumba kimoja cha kupanga, kisha wakajenga Buzuruga, na Mungu akawajalia watoto watatu, mimi mwaka 1981, Jonathan mwaka 1984 na Suzana mwaka 1988. Mama alitutoka tarehe 3 Septemba 2017. Tulimzika, tukalia, na baada ya siku tisa mimi nikarudi Shinyanga kufundisha, Jonathan akarudi Dar es Salaam, Suzana akarudi Arusha, na baba akabaki na redio na mizani za watu alizokuwa akizitengeneza barazani.

Sasa naingia katika sehemu ambayo kamati iliiogopa. Mwezi Machi 2020 mtafiti mmoja wa samaki, mgeni aliyekuwa akiishi Nyegezi na ambaye baba alimtengenezea mizani ya maabara, aliondoka nchini kwa haraka kwa sababu ya korona, akamwachia baba wanyama wawili, dume na jike, awaangalie kwa wiki mbili. Wiki hizo hazijaisha hadi leo. Wanyama hao kwa Kiingereza huitwa shuga glaida, asili yao ni Australia, wana macho makubwa, jike ana mfuko tumboni wa kubebea mtoto, na kati ya mkono na mguu wana ngozi inayotanuka, hivyo mmoja akijirusha kutoka juu ya kabati hutua begani kwa mtu polepole kama jani. Mimi sikuona jani, niliona panya, na nilimwambia baba hivyo.

Baba hakubishana nami, alinunua mizani ya sonara, akaanza kuwapima kila Jumatatu na kuandika. Wawili wakawa wanne, wanne wakawa saba, na ilipofika mwaka 2023 walikuwa kumi na mmoja, wakila papai, asali na senene, na hapa nitamke hadharani kwamba Mama Bernadeta, jirani yetu, ambaye ni Mhaya, alikaa miezi miwili bila kumsalimu baba kwa kosa la kulisha panya chakula cha heshima. Watu walipoanza kuja kuomba wauziwe watoto wa wanyama hao, baba alikataa, akasema hawezi kuuza kiumbe kisicho na karatasi, na tarehe 8 Agosti 2023 akavaa koti lake la kazini, akaenda katika ofisi moja ambayo familia imekubaliana isitajwe, kuomba kibali cha kuzalisha wanyama kwa kufuata masharti ya ustawi wao.

Fomu ilikuwa na nafasi za ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, kuku, mbwa na paka, na chini kabisa mstari mmoja wa kueleza mnyama mwingine, na baba, mtu aliyepima maneno kama alivyopima pamba, akaandika hivi, mnyama mdogo mwenye manyoya anayeruka. Ndugu waombolezaji, Kiswahili chetu hakina neno moja la manyoya ya paka na jingine la manyoya ya kuku, na kuruka ni kuruka tu, awe chura au mwewe. Faili likapelekwa dawati la kuku. Wiki ya tatu akaja bwana mmoja mstaarabu, Bwana Josephat, na chanjo ya kideri, akakuta wanyama wamelala, kwa kuwa hao hulala mchana kutwa, akaandika kwamba kundi limezubaa na huenda limeshaambukizwa. Fomu ya pili iliuliza idadi ya mayai kwa wiki, baba akajaza sifuri, kwa sababu ndiyo ilikuwa kweli, na barua ikarudi ikimshauri kwa nia njema kabisa kwamba kuku wasiotaga ni hasara, awauze kwa nyama kabla ya Krismasi.

Baba aliisoma barua ile mara mbili, akaikunja, akasema kosa ni lake kwa kutumia neno legevu, na mwezi Februari 2024 akajaza fomu upya, safari hii akiandika kwamba mnyama huyu apaa. Mpiga chapa, akidhani herufi ya kwanza imezidi, akaiondoa, likabaki neno paa, na kama mnavyojua paa ni mnyama wa porini mwenye pembe na kwato. Baba akatakiwa kuonyesha nusu ekari ya malisho, uzio wa urefu wa mita mbili na nusu, na mahali pa kunywea maji pasipo na mamba. Mzee wa miaka sabini na mbili alikwenda na futi ya fundi kupima uzio wa jirani, na tulipomsihi kwa simu aachane na jambo hilo, alitujibu kwamba sheria imeomba kuona uzio, haijaomba maoni yetu.

Aliyeliokoa faili ni Daktari Favour Okomo, daktari wa mifugo, ambaye yuko nasi hapa, na tunamshukuru. Yeye ndiye mtu wa kwanza katika mwaka mmoja na nusu aliyeuliza kama anaweza kumwona mnyama mwenyewe akiwa macho, akaja jioni, akakaa kwenye kochi, dume kubwa likajirusha kutoka juu ya pazia na kutua kichwani pake juu ya nywele alizosuka siku hiyo, naye bila kutikisika akatoa kalamu na kuandika. Alitengeneza orodha ya masharti, ukubwa wa kizimba, joto la chumba, chakula, matibabu, kumbukumbu za uzito, na baba akayatimiza moja baada ya jingine, na kuhusu kumbukumbu za uzito daktari alitamka kwamba hajapata kuona hospitali ya binadamu yenye kumbukumbu kama zile. Ripoti yake ya tarehe 31 Machi 2025 ilisema limebaki sharti moja tu, kuwe na msimamizi wa pili anayelala nyumba hiyo hiyo, atie saini kabla ya tarehe 30 Juni, vinginevyo wanyama watachukuliwa na kugawanywa.

Baba alitupigia simu watoto wote, kwa kufuata umri, kuanzia mdogo. Suzana alicheka, akafikiri ni utani. Jonathan alisema atacheki ratiba. Mimi nilimwambia, na ninalisema mbele yenu kwa sababu nimelibeba vya kutosha, Baba, mimi nimesomea ualimu, sikusomea panya. Alinijibu, sawa mwanangu, akaniuliza kama Shinyanga mvua imenyesha.

Mwishoni mwa Aprili alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, na tarehe 9 Mei akalazwa, madaktari wakatuambia moyo umechoka. Nilichukua likizo nikaja, nikawa nalala Buzuruga na kwenda wodini asubuhi na jioni. Daktari alipokuja na vipimo vya moyo, baba aliuliza tarehe ya mwezi, akahesabu siku zilizobaki kufika thelathini, akageukia kitanda cha jirani na kumshawishi mgonjwa mwenzake, Mzee Ngosha, asaini usimamizi wa pili, naye akakubali kwa moyo mweupe, ila alikuwa mkazi wa Sengerema, na fomu ilitaka anayelala nyumba ile ile, wala haikutambua wodi.

Tarehe 6 Juni, nikiwa nyumbani nawakatia wanyama papai kwa hasira, nilitoa fomu kwenye bahasha ili nimwandikie Daktari Okomo kwamba familia imeshindwa, nikaisoma kwa mara ya kwanza. Sharti la tano linasema kwamba mnyama huyu asifugwe peke yake, kwani akikaa bila mwenzake hunyong'onyea, huacha kula, hata kuugua huugua. Baba alikuwa amelipigia mstari kwa rula, na pembeni, kwa mwandiko wake wa kiwandani, alikuwa ameandika neno moja, kweli. Nilikaa chini pale jikoni, nikalia kama ambavyo sikumlilia mama. Miaka minane, ndugu zangu, na sisi tulikuwa tukituma salamu za sikukuu. Jioni ile nilipeleka fomu wodini, nikasaini mbele yake, akakagua saini yangu kwa miwani, akasema tarehe nimeiweka juu ya mstari badala ya ndani ya kisanduku, akalala. Alifariki Jumatano tarehe 11 Juni 2025, saa kumi na mbili asubuhi, nikiwa nimemshika mkono.

Kibali kilitoka siku iliyofuata, Daktari Okomo akakileta msibani, na masharti yake yanasema mfugaji akifariki, msimamizi wa pili anarithi kazi yote, mradi aendelee kulala katika nyumba iliyotajwa. Kwa hiyo nawatangazia ndugu kwamba nimeomba uhamisho wa kuja kufundisha hapa Ilemela, nyumba haipangishwi wala haiuzwi, na mdogo wangu Jonathan, yule dalali uliyemweka mstari wa nyuma, mwambie ale chakula aende zake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi walioupigania moyo wa baba, wafanyakazi wenzake wa mizani waliofika wakitembelea fimbo, majirani wote wa Buzuruga, na kipekee Mama Bernadeta, ambaye tangu juzi ndiye anayewalisha wanyama wakati sisi tunalia, na amewapelekea senene wake mwenyewe. Tunamshukuru pia Bwana Josephat wa dawati la kuku, aliyekuja na trei mbili za mayai. Bwana alitoa na Bwana ametwaa, jina lake lihimidiwe.

Baba, nisamehe kwa kuchelewa kusaini. Pumzika kwa amani, nyumbani kuna mtu.